Mwalimu Alivyoinuka Katikati ya Mchezo Wake

Usiku ule nililala na mabango kitandani. Si kwa kupenda. Yalikuwa yamebaki mengi, chumba changu ni kidogo, na cherehani imeshachukua nusu yake. Nikayasukuma ukutani, nikajilaza upande wa nje, na Mwalimu Kibwana aliyechorwa kwenye kila bango akawa ananitazama kwa tabasamu pana ambalo maishani mwake sikuwahi kumwona nalo hata siku ya Idi.

Nieleze kwanza nililala na nini moyoni, usije ukadhani nilivimbiwa.

Mimi ni Zuhura, fundi cherehani wa Ngamiani, hapa Tanga, na jioni ni msanii wa maigizo. Kikundi chetu alikianzisha Mwalimu Kibwana, aliyenisomesha Kiswahili darasa la sita, na baadaye, nilipokuwa msichana mwenye mdomo mrefu kuliko umri, akanifundisha kusimama mbele ya watu. Amefariki mwaka wa pili sasa. Mwaka huu nikaandika mchezo wa maisha yake, nikauongoza mwenyewe, na mwenyewe nikacheza nafasi ya Zuhura, mwanafunzi wake. Nilisema nataka mji umkumbuke. Ukweli ni kwamba nilitaka nimwone tena, hata kama ni Rashidi wa kikundini tu kavaa koti lake.

Mchezo ukadoda. Jumamosi ya kwanza walikuja ndugu na jamaa, wakapiga makofi ya undugu. Jumamosi ya pili jamaa hawakuonekana. Ya tatu nilichungulia nyuma ya pazia nikaona watu tisa, na wawili kati yao wamelala. Safu nzima ya mbele tulikuwa tumeifunika vitambaa vyeupe kwa ajili ya wageni rasmi, wageni rasmi hawakuja, na hao tisa hakuna aliyethubutu kuvikalia viti vile. Wakajibana nyuma kabisa karibu na mlango, sisi tukawa tunaviigizia vitambaa. Mwenye ukumbi akanijia kwa upole, akasema Jumamosi ya nne ikiwa hivi hivi, yeye anawapa watu wa harusi, nao wanautaka mwaka mzima. Ukumbi mwingine hatuna. Kikundi kingekufa, na Mwalimu angekufa nacho, safari hii moja kwa moja.

Kila mtu kikundini alikuwa na sababu yake. Rashidi alisema ni mpira, watu hawaachi mechi kuja kumtazama mwalimu. Mwingine alisema watu wana tamthilia kwenye simu, watoke nyumbani wafuate nini. Mwingine alisema tungetia muziki wa singeli kidogo mwanzoni, hata kama haihusiani. Mimi nikasema watu wa mji huu hawana utamaduni. Nilisema kwa sauti, nimetoa macho, na huku najua fika kuwa ni watu hawa hawa waliokuwa wakijaa mpaka wanakaa madirishani enzi za Mwalimu, na enzi hizo mpira ulikuwepo na mvua ilikuwepo.

Enzi hizo mazoezi tulifanyia uani kwake. Mkewe, Mama Salha, na majirani zake walikuwa wanapika pale kila jioni, huyu anakuna nazi, huyu anachambua mchele, na sisi tunacheza katikati yao, tukirukiwa na cheche za majiko. Mwalimu hakuwa anatutazama sisi. Alikuwa anawatazama wao. Mwanamke akiinuka kwenda kufunua chungu chake wakati mtu anasema maneno yake, Mwalimu anaandika alama kwenye daftari, na kesho yake maneno yale hayapo. Ulie, uape, hayapo. Na wale wanawake nao hawakuwa wa kukaa kimya. Watakwambia mke aliyeachwa hasemi hivyo, watakwambia huyo mume muongeze uongo. Ikifika siku ya onyesho, kila mmoja anakuja na shoga zake na mawifi zake ili awaonyeshe neno alilolitia yeye. Ukumbi unajaa kabla hatujabandika bango hata moja.

Mimi mchezo huu niliufanyia mazoezi ukumbini, milango imefungwa. Niliwaambia wenzangu naogopa kisa kisivuje. Haikuwa hivyo. Wanawake wa uani walimjua Mwalimu, na mimi nilikuwa nimemwandika vizuri mno. Marehemu wetu hatumsemi ila kwa mema, ndivyo tulivyolelewa, nami nikashika hilo kwa mikono miwili. Nikaondoa ubahili wake wa sukari. Nikaondoa ukali wake, lile jicho lake la kukuvua nguo mbele za watu. Nikampa maneno matamu toka mwanzo hadi mwisho, na mwisho wenyewe anakufa kitandani ameshika mkono wa Zuhura, anampa wosia, Zuhura analia, pazia linafungwa.

Basi, usiku huo wa Jumatano nikapitiwa na usingizi katikati ya mabango.

Nikajikuta nimekaa kwenye kidirisha cha tiketi cha ukumbi wetu. Ulikuwa mchana, jua kali, barabara nyeupe kabisa na haina mtu. Nilikuwa na kitabu cha tiketi mkononi, hakijakatwa hata karatasi moja, na nilikuwa nimekaa pale muda mrefu sana, miaka labda, kwa sababu miguu ilikuwa imekufa ganzi. Sikuwa na wasiwasi. Nilikuwa nangoja tu.

Kisha kikaingia kivuli kidirishani. Nikaona koti la kijivu, peni mbili mfukoni, na sikuhitaji kuinua macho. Nikajua kwamba nikiinamisha kichwa nitaona kandambili, kwa sababu alikuwa akivaa koti na kandambili, na hakuna aliyewahi kumweleza kitu akasikia.

Nikasema, "Shikamoo, Mwalimu."

Haitikii. Wanasema marehemu ndotoni hawaitikii salamu. Ananyoosha mkono kidirishani, kiganja juu, kina chaki kwenye mistari yake.

"Nikatie tiketi."

Namwambia mchezo ni wake, aingie tu, nani amkatie tiketi mtu kwenye mchezo wake. Mkono haurudi. Nakata tiketi, naiweka kiganjani, na vidole vyangu vinagusa vyake, navyo vina joto. Jamani, vina joto. Nataka kuvishika, lakini ameshaondoa mkono na kidirisha kina jua tu.

Mama yangu alikuwa akituonya tangu wadogo kwamba marehemu akikuita ndotoni usimfuate. Mwalimu hakuniita. Nilimfuata mwenyewe. Nilimkumbuka mtu yule kiasi kwamba angekwenda popote ningekwenda.

Ndani ya ukumbi amesimama mbele ya safu ya kwanza, mikono nyuma, kama alivyokuwa akisimama kukagua madaftari. Anavitazama vile viti vilivyofunikwa nyeupe, kimoja kimoja, mpaka mwisho wa safu. Kisha ananiuliza kwa sauti ya chini, ile ya kuulizia msibani.

"Kafa nani hapa?"

Naona haya. Namwambia hivi ni vya wageni rasmi. Anatikisa kichwa taratibu, anavivuka, anatafuta pa kukaa, na popote anapotaka kukaa kiti kinakuwa kimefunikwa. Basi anakaa chini. Akikaa chini, sakafu ni mchanga, na mchanga ni wa uani kwake, na ukumbi haupo tena.

Nao wapo, wanawake wa uani. Bi Tatu aliyefariki kabla yake yupo, ana kibao chake cha mbuzi ya kukunia nazi, na walio hai nao wapo, na wanasogezeana ungo bila kujali nani yuko hai na nani hayupo. Vyungu viko jikoni. Rashidi hayupo, wala kikundi hakipo. Niko peke yangu katikati, nimevaa koti la Mwalimu juu ya dera langu, na najua natakiwa kucheza mchezo wote mimi.

Nacheza. Nasema yale maneno matamu. Namwambia mwanafunzi mjinga kuwa hakuna mjinga duniani. Namsamehe mwizi wa chaki. Nagawa sukari. Sauti yangu ni nzuri, naisikia, lakini inakwenda inaanguka mchangani hapo hapo miguuni. Mwanamke mmoja anainuka, anakwenda kufunua chungu. Najitia hamnazo, naendelea. Anainuka wa pili. Bi Tatu, ambaye akikaa kwenye mbuzi yake haondoki mpaka nazi iishe, anainuka na nusu ya nazi mkononi. Naongeza sauti, natia machozi, na wao wanainuka mmoja mmoja kwa adabu, wanashika kanga zao zisiburuze, mpaka amebaki Mwalimu peke yake mchangani.

Namkazia macho yeye. Nasema moyoni, wewe usiinuke. Wote waende, wewe kaa.

Anapangusa mchanga kwenye suruali. Anainuka.

Anakwenda mpaka jikoni, anafunua chungu, anainama kunusa mvuke. Roho iliniuma siwezi kueleza. Nimemfanyia mtu huyu kazi ya mwaka mzima, nimeshona kwa mkono mmoja na kuandika kwa mwingine, na yeye anaangalia kama kunde zimeiva. Nikamfuata na hasira zangu zote, maana mimi hata ndotoni hasira ziko karibu.

"Mwalimu, hata wewe? Huyu ni wewe."

Anachota kidogo kwa mwiko, anapuliza, anaonja. Hana haraka.

"Huyu hajagombana na mtu maisha yake yote," anasema. "Simjui."

Nataka kumjibu, nina mengi, lakini amekwisha pita mlango wa nyumba, na ninapovuka kizingiti niko chumbani kwake. Kitanda cha kamba, chandarua kimefungwa fundo juu, dirisha la upande wa njia. Chumba hiki mimi sikuwahi kukiingia. Kwenye mchezo nilikibuni tu, nikaweka na maua. Hapa hakuna maua. Mwalimu anapanda kitandani kwa taabu, analala chali, ananyoosha mkono ukining'inia nje, hivyo hivyo kama nilivyomwelekeza Rashidi, kwa sababu hadhira inatakiwa iuone.

Ni zamu yangu. Natakiwa nipige magoti nishike mkono. Ninakwenda, na mkono wangu hauji. Nautazama, naona uko kwenye cherehani yangu nyumbani, unasukuma kitambaa cha mtu chini ya sindano, na mguu wangu unakanyaga, na mimi ninasimama mlangoni kwake na ninakaa chumbani kwangu kwa wakati mmoja. Naisikia cherehani. Naendelea kushona.

Kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Sikuwepo. Wiki tatu kabla hajafariki, tukiwa mazoezini pale uani, nilikuwa nacheza mama aliyefiwa, na Mwalimu akanisimamisha mbele ya kila mtu, wasanii, majirani na wapita njia, akasema Zuhura analia kama mtu anayedai chenji. Watu wakacheka. Mimi niliyekuwa na miaka ishirini jukwaani nikavua kilemba cha mchezo, nikakitupa mchangani, nikaondoka. Nikasema sirudi mpaka aje yeye kuniomba radhi. Nikaambiwa Mwalimu anaumwa, nikasema watu wazima huumwa. Nikaambiwa amelala kitandani. Nikashona. Jioni ya siku ya mwisho nilikuwa nashona sare za shule, na niliposikia mtu anagonga nilidhani ni yeye amekuja kuniomba radhi, nikamchelewesha kidogo ili ajue. Alikuwa jirani ameleta habari ya msiba.

Hilo ndilo nililolifunika kwa maua na wosia.

Mwalimu anageuza uso juu ya mto. Hana ukali. Ningetamani angekuwa nao.

"Siku ile ulikuwa wapi, Zuhura?"

"Nyumbani."

"Unafanya nini?"

Namwambia, "Nimenuna."

Anacheka. Wallahi anacheka, kile kicheko chake kinachoanza na kikohozi, na kitanda kinatikisika. Nimekaa miaka miwili sijakisikia kicheko kile, nilikuwa nimeshaanza kukisahau, na sasa nakikusanya chote, natamani kisiishe. Kikaisha. Anapangusa macho kwa nyuma ya mkono.

"Mbona hilo halimo?"

Namwambia naona aibu. Namwambia watu watanichukia, na yeye watamwona mtu wa kuaibisha watu hadharani. Anaitazama dari, na nje pale dirishani naanza kusikia watu, kama watu wengi wamesimama njiani wanazungumza chini chini.

"Mimi nilikuwa nalala hapa nasikiliza kama utagonga," anasema. "Hiyo ndiyo kweli. Waonyeshe hiyo."

Nikamwomba. Nilimwambia akae kidogo tu, nimpikie chai, nitie sukari nyingi niitakayo mimi na asiseme kitu. Nilimwambia nimechoka kuongoza watu peke yangu, kwamba kila nikimaliza tukio nageuka nimwone uso wake nijue limekaa au halijakaa, na nyuma yangu hakuna mtu. Nilisema yote hayo, na kila neno chumba kilikuwa kinapungua mwanga, mpaka nikawa naona koti tu na zile peni mbili.

"Nenda kafungue," akasema. "Watu wamesimama nje siku nyingi."

Nikageuka kuufungua mlango. Ulikuwa mzito, nikausukuma kwa mabega yote mawili, nikausukuma tena, na nikaamka ninausukuma ukuta wa chumba changu, mabango yamechanika chini yangu na uso umelowa.

Adhana ya alfajiri ilikuwa inamalizika. Sikunywa chai. Nilijitanda kanga nikatoka, na njiani kote nilikuwa nasema ile sentensi yake ya kusikiliza kama nitagonga, kimya kimya nisiipoteze, kama mtu aliyetumwa dukani.

Uani kwa Mama Salha sikuwa nimekanyaga tangu arobaini. Tukikutana njiani tulikuwa tunasalimiana, naye alikuwa akiniambia pita nyumbani, nami nasema nitapita. Nilipiga hodi. Alikuwa ameshawasha jiko, amekaa na ungo wa mchele mapajani, akanikaribisha kama niliyeondoka jana. Nikakaa kwenye mkeka. Nilikuwa nimepanga kuomba uwanja kwanza, nimweleze habari ya ukumbi na harusi, kisha taratibu nifike kule. Mdomo ukatangulia.

"Mama, siku zile sikuja kwa sababu nilinuna."

Hakuacha kuchambua. Alitoa jiwe, akalitupa, akatoa lingine.

"Najua," akasema. "Nilimwambia nimtume mtu akuite. Akakataa. Akasema, 'Atakuja mwenyewe, mimi sifuti neno langu.'" Akapepeta kidogo. "Kila jioni ananiambia nisiweke komeo. Nikimuuliza unamngoja nani, ananigeuzia mgongo. Mlinuna wote wawili, mwanangu, mpaka akafa."

Nililia pale, na sikujali nalia kama nani. Mama Salha aliniacha nilie mpaka nilipomaliza, kisha akanisogezea nusu ya mchele nimsaidie. Wakati tunachambua nikamwomba uwanja. Akasema uwanja haukufungwa, nilijifungia mwenyewe. Akaniambia pia kuwa majirani wote walikuwa wanajua kuna mchezo wa Mwalimu, na kwamba walikaa kitako wakingoja kuitwa kuutengeneza, na walipoona bango limebandikwa ukutani wakajua hawahitajiwi.

Jioni ile kikundi kizima kilikuwa uani. Walikuja shingo upande, zimebaki siku mbili tu, na Rashidi alikuwa wa kwanza kulalamika kuwa hawezi kujifunza maneno mapya. Wanawake walijaa kabla hatujaanza. Sukari ikarudi mchezoni kabla ya magharibi, Mama Salha mwenyewe aliirudisha, na kila mtu aliyewahi kunywa chai katika nyumba ile alikuwa na lake la kuongeza. Ile siku ya kilemba nikaicheza mwenyewe, kama ilivyokuwa, na neno la chenji likasemwa. Wakacheka. Wakacheka kama siku ile, na mimi nikakitupa kilemba mchangani kwa hasira ile ile, maana kumbe bado ninayo.

Tukafika mwisho. Rashidi akalala kwenye kitanda cha kamba tulichotolewa kutoka ndani, akanyoosha mkono nje kama alivyozoea, akangoja. Akaona siji. Akainua kichwa akaniuliza nitakaa upande gani, wa kulia au wa kushoto, ili ajue auelekeze wapi mkono.

Nikamwambia aurudishe mkono ndani, na ageukie mlango.

"Jumamosi utakufa peke yako, Rashidi. Mimi nitakuwa nyumbani kwangu, nimenuna."